Ukuta Utaliwa Tu: Kipi Kitangulie?

Vitruvius, mhandisi wa Kirumi aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, ametuachia habari moja ya wakadiriaji bei wa zama zake. Majirani wawili walipogombania ukuta unaowatenganisha, wakadiriaji waliuliza kwanza umejengwa kwa nini. Ukuta wa mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa ulipunguziwa thamani sehemu moja ya themanini kwa kila mwaka uliopita, kwa hoja kwamba ukuta wa namna hiyo haumalizi miaka 80. Ukuta wa matofali haukupunguziwa hata senti. Mradi timazi ionyeshe kuwa bado umesimama wima, bei yake ilikuwa ileile iliyolipwa siku ulipojengwa.

Matofali hayo yalikuwa mabichi. Ni udongo uliokaushwa juani, usioonja moto, yaani lile tofali ambalo sisi tukiliona kwenye nyumba ya mtu tunaanza kumhurumia. Roma iliyaamini, lakini kwa masharti. Vitruvius anasifu mji wa Utica, katika Tunisia ya leo, ambako tofali halikuruhusiwa kupanda ukutani mpaka likauke miaka mitano na hakimu wa mji alithibitishe. Anaagiza pia kichwa cha ukuta kifunikwe kwa matofali yaliyochomwa, kimo cha futi moja na nusu, tena yatokeze nje kidogo, ili kigae cha paa kikivunjika maji yadondoke mbali na udongo.

Masharti hayo ndiyo yaliyonivuta kuandika. Kwenye viwanja vyetu vya ujenzi swali ni moja: tofali lipi gumu? Mrumi huyu aliuliza maji yatapita wapi na yatakula nini. Nikilinganisha jamii zilizojenga kwa matofali, naona swali lake lina majibu mengi, na kila jamii iliyofanikiwa ilichagua mapema sehemu ya ukuta itakayoliwa kwanza. Zilizokataa kuchagua zilichaguliwa na maji.

Tofali, liwe bichi au limechomwa, limejaa vinyweleo. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi, na yakifika penye jua na upepo hukauka na kuacha yale yaliyobeba. Aghalabu yamebeba chumvi: ya udongo, ya mbolea, ya bahari, ya choo kilichochimbwa karibu, hata ile iliyokuwemo ndani ya saruji yenyewe. Chumvi ikikaukia juu ya uso huacha unga mweupe unaofutika kwa brashi, na hapo hasara ni ndogo. Ikikaukia ndani, nyuma kidogo ya uso, chembe zake hukua kwenye vinyweleo na kuusukuma uso mpaka ubanduke. Katika nchi za baridi kali maji yenyewe hufanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Uso wa tofali lililochomwa ndio ulioiva vizuri zaidi. Ukishaondoka, nyama iliyobaki huliwa haraka kuliko mwanzo.

Djenné, nchini Mali, walichagua lipu. Msikiti wao mkuu ulijengwa upya mwaka 1907 kwa matofali mabichi, na kila mwaka mji mzima hutoka kuupaka udongo wa mto uliochanganywa na pumba za mpunga na kuachwa uvunde. Chama cha waashi, barey ton, ndicho kinachoongoza kazi. Vijana hupanda na makapu ya matope, wanawake huleta maji, na vijiti vya mti wa mvumo vinavyotokeza ukutani, ambavyo watalii hudhani ni mapambo tu, hugeuka ngazi. Mvua ikija hula lipu. Mwaka unaofuata lipu hurudishwa, na tofali lililo nyuma halijui kilichotokea. Utaratibu huu una mipaka yake: Novemba 2009 mvua kubwa ilishusha sehemu ya juu ya mnara wa kusini. Hata hivyo, somo kubwa zaidi la Djenné liko kwenye nyumba za watu binafsi. Baadhi ya wenye nyumba, wakiwa wamechoka kulipa waashi kila mara, walibandika vigae vya udongo wa kuchoma kwenye kuta za mbele. Uamuzi huo unaeleweka. Lipu ni gharama, na si kila mtu ana vijana wa kumbebea matope. Lakini kigae hakizuii maji yote, na yanayopenya nyuma yake hayaonekani wala hayapati pa kukaukia. Ukuta huoza ukiwa umevaa vizuri.

Ur, kusini mwa Iraki, ilipanga mambo kinyume na Djenné. Mfalme Ur-Nammu alipoanza hekalu lake la ngazi, yapata mwaka 2100 kabla ya Kristo, tumbo la jengo lilikuwa tofali bichi na nje lilivikwa matofali ya kuchoma kwa unene wa kama mita mbili na nusu, yakashikanishwa kwa lami ya asili. Kwa mtazamo wa kwanza hii ni akili ileile ya vigae: gumu nje, laini ndani. Tofauti ni matundu. Waashi wa Ur waliacha mianya myembamba iliyopenya gamba lote la nje ili unyevu wa tumboni upate njia. Leonard Woolley, aliyechimba hapo kati ya 1922 na 1934, alivutiwa na matundu hayo hata akafikiri ngazi za juu zilipandwa miti iliyohitaji kumwagiliwa. Miti au si miti, mjenzi alikuwa amekubali kwamba maji yataingia. Zaidi ya miaka 1,500 baadaye mfalme Nabonido wa Babeli alikuta jengo la kukarabati, si kifusi cha kuzoa.

Mahali ninapopenda kukaa zaidi ni Mohenjo-daro, katika jimbo la Sindh, Pakistani, kwa sababu pale tofali lilifika kilele chake na halikuokoka. Mji huo ulistawi karibu mwaka 2500 kabla ya Kristo. Matofali yake yalichomwa vizuri na yalifuata uwiano mmoja: kimo sehemu moja, upana mbili, urefu nne. Bwawa lake maarufu, la urefu wa kama mita 12 na upana wa mita 7, lilijengwa kwa matofali yaliyobanana na mota ya jasi, na nyuma yake likawekwa tabaka la lami. Watu waliuhama mji mnamo 1900 kabla ya Kristo, udongo ukaufunika. Uchimbaji ulipoanza mwaka 1922, kuta zilitoka zikiwa zimesimama kiasi cha kupita katikati yake na kujua huu ni mtaa, hiki ni kisima, huu ni mfereji wa maji machafu.

Ndipo zilipoanza kufa. Chini ya ardhi, unyevu ulikuwa haubadilikibadiliki na chumvi ilitulia. Juu, kila siku jua la Sindh huvuta maji kutoka chini na kila usiku hewa hurudisha unyevu. Mambo yaliongezwa makali na maendeleo ya kilimo: bwawa la Sukkur lilikamilika mwaka 1932, mifereji ikamwagilia mashamba mwaka mzima, na maji ya chini ya ardhi yakapanda. Chumvi kubwa ya pale ni salfeti ya sodiamu, na tabia yake ni mbaya kuliko chumvi ya mezani. Ikiwa kavu ni chembe ndogo. Ikinywa unyevu hugeuka chembe ya aina nyingine yenye ukubwa wa takribani mara nne. Ikikauka hurudi. Tofali lililostahimili karibu miaka 4,000 kaburini hubanduka magamba, kisha hugeuka unga unaobaki kidoleni ukiligusa.

Serikali ya Pakistani na UNESCO zilianzisha kampeni ya kimataifa ya kuunusuru mji huo mwaka 1974. Visima vya mitambo vilichimbwa kushusha maji ya ardhini, kazi ya gharama kubwa ambayo haina mwisho, maana pampu ikizimwa maji hurudi. Dawa iliyodumu ni ya bei rahisi: kuta zinakandikwa udongo. Tope lisilo na chumvi hupakwa juu ya matofali, likikauka huvuta chumvi kutoka ndani ije ikaukie humo, kisha hubanduka nayo na kupakwa jingine. Basi mji uliojengwa kwa matofali ya kuchoma bora kuliko yote ya zama zake unalindwa leo kwa njia ya Djenné, na kwa njia ya bibi yeyote wa kijijini anayekandika ukuta wake kabla ya masika. Mgeni aliyesafiri mbali kuona matofali anaona matope. Ndivyo inavyopasa. Mvua kubwa za Agosti 2022 zilipoharibu baadhi ya kuta, udongo huo ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kusombwa, na kusombwa ndiyo kazi yake.

Roma ya baadaye, na Konstantinopoli baada yake, zilihamishia mzigo kwenye kiungo. Katika kanisa la Hagia Sophia, lililojengwa kati ya 532 na 537, mota iliyo katikati ya matofali ni nene kama matofali yenyewe au kuyapita, nayo ni chokaa iliyochanganywa na vipande vya matofali yaliyopondwa. Mota nene kiasi hicho hukauka polepole, na jengo lililoharakishwa lilipinda likiwa bado bichi. Kuba lake la kwanza lilianguka mwaka 558 baada ya matetemeko, likajengwa jingine. Lakini kuta zilizopinda hazikupasuka vipandevipande. Utaratibu wa kurudisha tofali bovu ndani ya chokaa uko pia Italia, Misri na India, na unga huo una faida ya kweli: huungana na chokaa na kuifanya igande hata penye unyevu. Sijui kama ni mafunzo yaliyosafiri au akili zilizokutana, na kwa hoja yangu si lazima kujua.

Uingereza ndiyo iliyotuonyesha nini hutokea jibu hilo likisahauliwa. Kwa karne nyingi waashi wake walijengea chokaa. Mota ya chokaa ni laini kuliko tofali na ina vinyweleo vingi zaidi, kwa hiyo maji hupitia kwenye kiungo, chumvi hukaukia kwenye kiungo, na kiungo ndicho kinachopukutika. Baada ya vizazi kadhaa fundi anakuja, anakwangua sentimita chache za mota iliyochoka, anajaza mpya, na matofali yaleyale yanaendelea. Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Leeds alipata hataza ya saruji aliyoiita Portland. Ilikuwa na nguvu, iliganda haraka, na katika karne ya ishirini ilikuwa imeifukuza chokaa karibu kila mahali. Mafundi walioitwa kukarabati nyumba za zamani wakakwangua viungo vilivyolika na kujaza saruji. Kazi ilionekana safi. Maji yaliyofungiwa mlango wa kiungo yakatafuta mlango mwingine, na uliobaki ulikuwa tofali. Zikapita baridi kadhaa, na leo mtu anaweza kutembea mitaa ya miji ya Kiingereza akaona kuta ambazo viungo vyake vya saruji vimejitokeza vikiwa na kingo kali, matofali yakiwa yamechimbika katikati.

Sisi tunaambiwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Waingereza wamethibitisha kwamba kuna ufa ambao ukiuziba kwa saruji utajenga ukuta vilevile. Chama cha Kulinda Majengo ya Kale, alichoanzisha William Morris mwaka 1877, kimekuwa kikifundisha kwa miaka mingi kwamba jengo la chokaa likarabatiwe kwa chokaa, na bado kuna wenye nyumba wanaopokea kazi ya saruji na kulipa kwa furaha.

Tusiisingizie saruji. Tofali la kisasa lililochomwa likaiva kweli, likajengwa kwa mota ya saruji iliyopimwa, kwenye msingi uliozuiliwa unyevu, linaweza kukaa muda mrefu bila kumsumbua mtu. Hata huko, lakini, ugumu una bei. Tofali la kuchoma huanza kunywa unyevu wa hewa tangu linapotoka tanurini, na hutanuka kidogo kidogo kwa miaka. Ukuta wa chokaa huumeza mwendo huo ndani ya viungo vyake maelfu. Ukuta wa saruji hauwezi, ndiyo maana wahandisi huacha mianya ya kutanukia kila baada ya mita kadhaa. Wasipoiacha, ukuta hujichagulia wenyewe pa kupasukia.

Venice haikuwa na anasa ya kuchagua kiungo peke yake, kwa kuwa maji yake ni ya bahari. Waashi wake waliweka chini ya kuta za matofali mawe ya Istria, meupe na mazito, yasiyonyonya maji kwa urahisi, ili bahari ipande na kushuka juu ya jiwe. Mpango huo ulifanya kazi mpaka mji uliposhuka na bahari ikapanda, maji yakaanza kufikia matofali yaliyo juu ya jiwe. Hapo Venice ikaja na jibu ambalo sijaliona likitumiwa kwa subira hivyo kwingine: wanaliacha tofali liliwe, kisha wanalibadilisha moja moja. Wenyewe hukuita kufumua na kushona. Fundi huchomoa matofali machache yaliyokwisha, huingiza mazima, husubiri mota ishike, ndipo husogea kando. Ukuta mmoja waweza kuwa na matofali ya karne kadhaa bila kuwahi kubomolewa. Mji huohuo una mfano wa kinyume. Mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko ulianguka asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902, baada ya waliokuwa wakitengeneza paa la jengo dogo chini yake kukata ndani ya ukuta wa mnara. Ulikuwa umekwisha kupigwa na radi na kutiwa viraka kwa karne nyingi, na ulijengwa upya ukafunguliwa mwaka 1912.

Pwani yetu haikuwa nchi ya matofali. Kilwa, Lamu na Unguja walijengea mawe ya matumbawe na chokaa, na fundi wa Mji Mkongwe aliyewahi kuona lipu ya saruji ikibanduka kwenye ukuta wa chokaa hahitaji kusimuliwa habari za Uingereza. Matofali ya kuchoma yalienea bara pamoja na misheni. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli la Blantyre, Malawi, lilijengwa kati ya 1888 na 1891 na waashi wa pale wakiongozwa na mchungaji asiyesomea usanifu majengo, kwa matofali ya maumbo mengi yaliyofinyangwa hapohapo. Kanisa kuu la Namirembe, Kampala, liliunguzwa na radi mwaka 1910, likajengwa jingine la matofali lililokamilika 1919.

Tulichorithi kutoka kwa majengo hayo ni tofali, si masharti yake. Iringa, Njombe, Mbeya, tanuri hupangwa kwa matofali yenyewe, hukandikwa udongo kwa nje na kuchomwa kwa kuni, na penye mpunga mwingi kwa pumba. Moto haugawanyiki sawa. Yaliyo karibu na mdomo wa tanuri huiva mpaka yakawa meusi, yaliyo pembeni hutoka na rangi ya kupendeza lakini ukiyagonga hayalii. Yote hupakiwa lori moja. Fundi hujenga kwa mota ya udongo, kisha kwa nje hupitisha saruji kwenye viungo ili nyumba ionekane ya maana. Paa linaishia karibu na ukuta, mfereji wa paa haupo, na matone ya mvua yanaruka kutoka chini yakipiga kozi tatu nne za mwanzo. Miaka michache baadaye kozi hizo zimelika, na mwenye nyumba anapiga lipu ya saruji kimo cha mita moja. Maji ya msingini, yakikosa pa kutokea, yanapanda hadi juu ya lipu na kuanza kula hapo.

Katika orodha hiyo, mota ya udongo ndiyo inayolaumiwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo isiyo na hatia. Msingi ukiinuliwa, paa likasogezwa mbele, na matofali yaliyoiva yakatengwa kwa ajili ya kozi za chini badala ya kumwagwa popote, udongo ule utafanya kazi yake. Viungo vya nje vikijazwa chokaa vitaweza kuliwa na kujazwa tena. Gharama kubwa hapo ni ya paa.

Kuna jambo moja ambalo wahifadhi majengo hulitaja kwa uchungu na mimi nalitazama kwa namna mbili. Nyumba nyingi za mji wa Hilla, Iraki, zilijengwa kwa matofali ya Babeli, mengine yakiwa na mhuri wa Nebukadreza. Harappa, ndugu yake Mohenjo-daro, ilifukuliwa katika karne ya kumi na tisa na wajenzi wa reli ya Lahore hadi Multan, waliosaga matofali yake kuwa kokoto za kulalia reli. Ni uharibifu, na historia haitalipwa. Lakini matofali ya Babeli yaliyoingia Hilla yaliingia mazima, yakawa kuta tena baada ya zaidi ya miaka 2,000, kwa sababu kilichoyashika kilikubali kuyaachia. Mota laini huachia tofali. Saruji hailiachii; ukibomoa, tofali lisiloiva hupasuka kabla ya kiungo. Nyumba zetu zilizofungwa hivyo zitakapobomolewa, wajukuu watapata kifusi cha kujazia msingi, na watalazimika kukata kuni nyingine kuchoma matofali mapya.